Baraza la jiji au Washington?
Tangu nihamie Minneapolis, Marekani, na siasa zangu za mrengo wa kushoto, nasikia watu wakibishania Washington tu. Mimi naona baraza la jiji ndilo lenye meno. Chukua mshahara: kima cha chini cha serikali kuu kimekwama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009, maana kwenye Seneti miswada mingi haisogei bila kura 60 kati ya 100. Hapa, baraza la viti 13 lilipitisha dola 15 mwaka 2017, zifikiwe hatua kwa hatua. Hata kura ni tamu zaidi: unapanga wagombea, wa kwanza hadi wa tatu. Ila viza ya mama yangu? Diwani hana ubavu huo.