Ruta ya nyumbani kijijini: mtandao nimeupata, heshima sijaipata

"Sasa mama, huko kijijini intaneti ya kasi hivyo ni ya kazi gani?"

Aliyeniuliza hivyo ni kijana wa huduma kwa wateja, wa kampuni iliyoniuzia ruta pamoja na kifurushi cha nyumbani cha mwezi mzima. Sikumpigia kuomba fadhila. Nilikuwa nimelipa, tena kabla ya kutumia, kama wanavyotaka wao wenyewe. Nimeshatulia kidogo ndiyo maana naweza kuandika, ila nikiikumbuka ile sauti yake hasira inapanda upya.

Mimi natunza mahesabu ya wafanyabiashara wa Tanga na Dar. Mama yangu alipoanza kusumbuliwa na miguu nilirudi nyumbani, huku milimani kati ya Lushoto na Mlalo, na kazi yote naifanyia hapa. Wanaojaza ritani za VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, wanajua kwamba tarehe 20, siku ya mwisho ya kuziwasilisha, haimsubiri mtu. Jioni ile mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, ulifunguka nusu, kale kaduara kanazunguka tu, taa ya ruta inawaka nyekundu, inageuka kijani, inarudi nyekundu. Faini ikija inamwangukia mteja wangu aliyeniamini. Halafu mtu ananiuliza kazi gani! Bondeni kwetu kuna mwalimu anayesoma shahada kwa njia ya mtandao. Kuna vijana wanaotuma picha za kabichi na karoti kwa madalali wa Dar kabla lori halijapakiwa, ili wasije wakapangiwa bei sokoni mzigo ukiwa umeshafika. Sisi wote tunanunua bando kwa fedha zilezile wanazotumia watu wa mjini.

Nilipomwambia taa ni nyekundu akaniambia nizime ruta, nisubiri kidogo, niwashe. Nikamjibu kwamba nimeshinda nafanya hivyo. Akasema kwenye kompyuta yake mtandao wa Lushoto unaonekana uko sawa. Nikamwambia siko Lushoto mjini, kuna mlima mzima katikati. Hapo ndipo akauliza lile swali lake, na nilipoanza kumjibu simu ikakatika. Namba ya huduma kwa wateja ni ya bure, kwa hiyo asije mtu akasema niliishiwa salio.

Lakini kosa lilianzia dukani. Dada aliyeniuzia aliiwasha ruta palepale juu ya kaunta, akapima kasi mbele yangu, ikapaa. Lazima ipae, mnara uko jirani. Hakuuliza naishi upande gani, nyumba iko bondeni au juu, naona mnara gani nikisimama uani. Mawimbi ya simu hayapenyi mlima. Mawimbi ya masafa ya juu, ambayo ndiyo hubeba kasi kubwa, huchoka upesi njiani na hushindwa hata na kuta. Yanayofika mbali ni mawimbi ya masafa ya chini, kama yale ya megahezi 700 au 800. Anayewauzia watu wa Usambara alijue hilo kabla hajakariri bei. Na "bila kikomo" iliyoandikwa kwenye boksi muisome vizuri: ukishatumia kiasi walichokipanga, kasi inashushwa. Maelezo hayo yapo, kwa herufi ndogo sana.

Aliyeniokoa ni fundi wa madishi na sola wa hapahapa kwetu. Aliingia, "Shikamoo mama," akaitazama ruta ilivyokaa juu ya kabati, ukuta wa tofali huku na bati juu, akatikisa kichwa. Akafungua ukurasa wa ruta kwenye simu yake akanionyesha namba ya nguvu ya mawimbi: hasi 117. Akanieleza kwamba namba hiyo kadiri inavyosogea kuelekea sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu, na kwamba nisiangalie vile vijistari vya simu, nitazame namba. Siku aliyorudi alikuja na antena ya nje, akaifunga kwenye bomba juu ya paa. Nilidhani ataielekeza Lushoto. Aliipa Lushoto mgongo, akaielekeza ng'ambo ya bonde kwenye mnara ambao hata sikuwa nimewahi kuufikiria. Mimi nasoma namba chini, yeye anazungusha antena kidogo kidogo kule juu: 108, 101, 97, ikatulia 94. Waya akaukata mfupi kadiri alivyoweza, akasema waya mrefu unakula mawimbi, na viungio akavizungushia utepe mvua isiingie. Ruta akaiunganisha na betri ya sola, umeme ukikatika naendelea na kazi.

Tangu siku hiyo mambo ni mengine. Mafaili ya wateja yanapanda bila kukwama, na mchana naongea nao kwa video naona hata risiti wanazonionyesha. Jioni kasi inapungua, maana mnara ni mmoja na watu wote wamerudi nyumbani wameshika simu, lakini kazi inakwenda. Nilikuja hapa niandike "msinunue", na nikiwa mkweli siwezi. Faiba, intaneti ya waya, haijafika kwetu. Dishi la setilaiti la mtindo wa zamani sikulitaka, kwa sababu setilaiti zile ziko kama kilomita 36,000 angani, ukiongea na mtu mnagongana maneno kwa kuchelewa kwa sauti. Kwa bonde kama letu ruta ya laini ya simu yenye matundu ya antena ya nje nyuma yake ndiyo ninayoweza kumshauri mtu. Isiyo na matundu hayo usichukue hata ikipunguzwa bei.

Ila nikishaisifu hivyo najiuliza sifa ni ya nani. Antena, bomba, waya na mkono wa fundi, vyote nimelipa mwenyewe. Kampuni haikuleta mtu hata wa kuchungulia. Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika chini ya bahari nchi nzima tulikwama, sababu ikatangazwa, watu wakavumilia, nami nikavumilia. Sina ugomvi na mtandao kukatika. Nina ugomvi na mtu kuniona sistahili kuuliza kwa nini umekatika.

Kwa hiyo mtandao naupa alama nzuri, na ile ofisi siipi hata moja. Hela ya siku zote ambazo taa ilikuwa nyekundu nimewadai kwa maandishi, nimeambatanisha risiti na picha ya ile namba 117. Wakiendelea kunyamaza barua hiyohiyo inakwenda TCRA, wanaosimamia kampuni za mawasiliano.