Hosteli za bei nafuu za Shin-Imamiya, Osaka: kitanda hakina neno, kesi ni sanduku

Tafuta malazi Osaka ukianza na bei ya chini kabisa, na karibu kila mara ramani itakupeleka Shin-Imamiya, kusini mwa jiji. Hapa ndipo Kamagasaki ya zamani, mtaa wa vibarua wa kutwa. Wengi wao walimiminika kujenga jiji likijiandaa kwa maonyesho ya dunia ya 1970. Vibarua wakazeeka, kazi zikapungua, na wenye majumba wakaanza kupangisha vyumba vile vile kwa wasafiri wa mfuko mwepesi. Ndiyo sababu bei iko chini ilhali stesheni iko mlangoni.

Malazi ya hapa ni ya aina mbili, na mtu anayetoka Nairobi akikosea kuchagua kati yake atajuta kabla hata hajavua koti.

Ya kwanza ni bweni. Kitanda kimoja siku za wiki huwa kati ya yeni 2,500 na 4,000, yaani kama shilingi za Kenya 2,200 hadi 3,500. Jumamosi bei hupanda. Mwisho wa Machi maua ya mcheri yanapochanua, na tena wiki ya likizo inayoanza mwishoni mwa Aprili, kitanda kile kile kinaweza kuuzwa maradufu. Kitanda chenyewe ni dabodeka, ila usikumbuke ile ya shule ya bweni: kina pazia zito, taa yake, soketi yake, na shuka zinazonukia sabuni. Vyoo husafishwa kila siku, na kwa bei hii usafi huo hauna mpinzani. Aliyezoea lojing'i za River Road ataanza kutafuta kufuli, lakini hataiona. Hata kwenye kapsuli, vijisanduku vya kulala mtu mmoja mmoja, zile ambazo Osaka ilianzisha Umeda mwaka 1979 kwa mchoro wa msanifu Kisho Kurokawa, unafunga pazia tu, maana kanuni za moto haziruhusu mlango wa kufungia mtu ndani. Vitu vya thamani huingia kabati la sarafu. Mengi hutaka sarafu ya yeni 100 na kuirudisha ukifungua, kwa hiyo weka chache mfukoni.

Sasa sanduku. Tiketi nyingi za kutoka JKIA kwenda Asia humpa abiria mizigo miwili ya kilo 23, nasi hatuachi kilo hata moja nyuma. Bwenini kijia kati ya vitanda hupitisha mtu mmoja akienda upande. Uvungu wa kitanda cha chini hauingizi sanduku kubwa, na kabati limepimiwa mkoba. Utaishia kulifungulia koridoni saa tano usiku, zipu ikipiga kelele, mifuko ya plastiki ikichakacha, na watu wanane nyuma ya mapazia wakikulaani kimyakimya. Malalamiko mengi ya bweni huanzia kwenye mifuko hiyo. Muziki ni nadra kulaumiwa. Panga nguo za kesho kabla ya saa nne usiku, na mifuko ya nailoni iache nyumbani, tumia ya kitambaa.

Aina ya pili ndiyo tunayoipa alama za juu: chumba cha mikeka mitatu ya tatami, kile cha vibarua wa zamani. Ukubwa wake ni kama mita tano za mraba. Una mlango, una ufunguo, na bei mara nyingi inazidi ya bweni kwa yeni mia chache tu. Godoro la futon likitandikwa, sanduku moja kubwa linabaki na mahali pa kulala. Bafu na choo ni vya pamoja, mara nyingi bafu liko ghorofa ya chini na lina saa zake, kwa hiyo soma tangazo la mlangoni siku ya kwanza. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Usiburute magurudumu ya sanduku juu ya tatami, kwa sababu nyuzi zake hukatika na utalipishwa. Na kila asubuhi kunja futon, maana jasho la usiku hushuka kwenye mkeka, na katika unyevu wa Julai na Agosti ukungu haukawii kuota. Chumba kikinuka ukungu ukiingia, omba kingine papo hapo, kabla hujatandika.

Viatu huvuliwa mlangoni. Choo nacho mara nyingi kina ndara zake. Ukitoka nazo hadi koridoni kila mtu ataona. Kwenye bafu la pamoja unaoga kwanza ukiwa umeketi kwenye kigoda, unasuuza sabuni yote, ndipo uingie majini. Mwenye chale za wino (tatuu) mwilini aulize kwanza, kwa kuwa baadhi ya mabafu hukataa.

Umeme wa Japani ni volti 100, na soketi ni ya pini mbili bapa. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi kwa adapta ndogo, ambayo ni nafuu kuinunua mjini kabla ya kuondoka. Pasi au kikausha nywele cha volti 240 kutoka nyumbani kitapata uvuguvugu tu. Wanaobeba sufuria nao wakumbuke kwamba majiko mengi ya hosteli ni ya indakshoni, yanayopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, nayo hayaitambui alumini. Sufuria ya Gikomba itakaa hapo juu, na jiko litalia likikataa kuwaka. Tumia za pale. Jioni duka la vyakula la Super Tamade au jingine lolote la jirani hubandika stika za bei nusu kwenye samaki na wali uliopikwa, na hapo chakula cha jioni hakifiki yeni 500. Usijaribu kupita na nyama kavu au soseji uwanja wa ndege, ni marufuku.

Kufua ni yeni 200 au 300 kwa mzigo. Kikaushio hula sarafu za mia mia, na jinzi hazikauki kwa sarafu moja.

Kuhusu malipo, kadi pepe ya Visa ya M-PESA hufaa kuweka nafasi mtandaoni, ila hosteli nyingine hutaka kushika kadi yenyewe mkononi. Kuwa na yeni taslimu za siku mbili. ATM za 7-Eleven hukubali kadi za nje. Ukiwa unaomba viza kwenye ubalozi wa Upper Hill utaandika utakakolala kila usiku, kwa hiyo chagua nafasi zinazofutika bure hadi viza itoke. Mapokezi watanakili pasipoti yako, ni sheria kwa mgeni asiyeishi Japani, basi jina la nafasi lilingane na la pasipoti. Kuingia chumbani ni saa tisa au kumi alasiri na kutoka ni saa nne asubuhi. Mzigo huhifadhiwa bure kabla ya hapo. Kodi ya malazi ya Osaka haigusi kitanda kilicho chini ya yeni 5,000.

Kutoka uwanja wa Kansai panda treni ya Airport Express ya kampuni ya Nankai: nauli haifiki yeni 1,000, dakika 45 hivi, hadi Shin-Imamiya bila kubadilisha. Rapi:t, treni yao ya haraka ya buluu, pia husimama hapo lakini inadai pesa za kiti juu ya nauli, na muda unaookoa hautoshi kumaliza kikombe cha chai. Kurudi kwa JR, kampuni nyingine ya reli, kuna mtego: treni ya uwanja wa ndege hukatwa vipande viwili stesheni ya Hineno, behewa 1 hadi 4 zikielekea uwanjani, 5 hadi 8 zikienda Wakayama. Soma namba ya behewa kabla hujaketi.