Taya limetulia, hasira bado

Sikwenda kwenye kliniki ile ya sindano za botoksi kupunguza mashavu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolazimika kulisema mara tatu siku ile, mbele ya watu sita waliokuwa wakisubiri zamu zao, na hata sasa nikipita barabara ile kifua hunijaa.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaga meno usingizini. Mume wangu husema ni kama kulala na mtu anayetafuna kokoto. Mimi huamka panja zikigonga, sikio la kushoto likiuma ilhali halina ugonjwa wowote, na kiungo cha taya kikilia "kwa!" kila nipigapo mwayo. Kibao cha plastiki nilichotengenezewa cha kuvaa usiku kiliyaokoa meno, lakini maumivu yalibaki palepale. Ndipo daktari wangu wa meno aliponieleza kuhusu sindano za botoksi, zinazochomwa kwenye msuli wa kutafuna, ule unaotuna shavuni ukiuma meno kwa nguvu, ili neva zishindwe kuuamuru ukaze. Hakunificha kwamba nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu au minne, wala kwamba hata Marekani, ambako dawa hiyo iliidhinishwa kwa kipandauso sugu mwaka 2010, haijaidhinishwa rasmi kwa kusaga meno. Yeye mwenyewe hachomi, hivyo akanielekeza kliniki moja hapa Dar es Salaam.

Binti wa mapokezi alinitazama uso, kisha akapaza sauti kama kondakta wa daladala: "Daktari, mama wa kupunguza mashavu amefika!" Nikamwambia kwa upole, "Hapana mwanangu, mimi nina maumivu ya taya." Akacheka na kunijibu kwamba wote husema hivyo. Nilidhani daktari angenisitiri, kumbe wao ni kitu kimoja. Hakunipapasa taya, hakuniambia niume meno ili auone msuli unapoishia, hakuuliza kama mdomo unafunguka wote. Nilipomwomba anioneshe kichupa, kwa kuwa dawa hii hutunzwa kwenye jokofu na ikishachanganywa na maji ya chumvi haifai kukaa muda mrefu, aliniuliza kama ningependa kujichoma mwenyewe. Alinichoma pande zote mbili kwa muda mfupi kuliko ule niliotumia kujaza fomu yao.

Siku za mwanzo sikuona tofauti, nikaanza kuzililia fedha zangu. Kisha asubuhi moja, yapata wiki ya pili, niliamka nikayatafuta maumivu kwa vidole, panja hadi nyuma ya sikio, nisiyapate. Nilikaa kitandani nikalia. Nisingekuwa mkweli kama ningeyaficha hayo, na kwa siku chache nilikuwa tayari hata kumsamehe yule binti. Mishkaki ilinichosha kutafuna, lakini hilo nilikwisha kuambiwa.

Kisha ikaja arusi ya mpwa wangu. Kwenye picha, pembe ya kulia ya mdomo wangu haikuinuka kabisa, na katika ile niliyosimama na bibi arusi naonekana kana kwamba namcheka kwa dharau. Daktari wangu wa meno alinieleza kuwa dawa ikichomwa mbele mno huweza kusambaa hadi kwenye msuli unaovuta pembe ya mdomo, na kwamba tatizo hilo huondoka lenyewe. Liliondoka kweli, baada ya wiki kadhaa. Nilipowapigia simu kliniki kulalamika, aliyepokea ni yuleyule binti, naye akaniuliza: "Lakini mama, mashavu si yamepungua?"

Yamepungua. Msuli usiofanya kazi husinyaa, na shoga zangu wote wameniuliza natumia nini. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Juzi usiku mume wangu ameniamsha: kokoto zimerudi. Nitachoma tena, hilo halina mjadala. Mwanzoni nilikusudia kuwaambia msikanyage pale, na bado sehemu kubwa ya moyo wangu inasema hivyo, ila upande wa kushoto daktari wao aliuchoma bila kasoro na bei yao naimudu. Nikirudi, kama nitarudi, hatafungua sindano kabla hajanipapasa taya, na yule binti ataniamkia kwanza.