Uzoefu wangu: siku sita mezani Valencia

Jioni ya kwanza tulikosea. Mimi na rafiki yangu tulitua Valencia, mji wa Hispania, alasiri, tumbo tupu tangu alfajiri, na ilipofika saa kumi na mbili tukatoka kutafuta chakula. Migahawa ya wenyeji ilikuwa imefunga majiko. Iliyokuwa wazi ni ile ya pembeni mwa kanisa kuu, yenye mabango ya picha za paella, wali maarufu wa huko, mlangoni. Tukaingia. Tuliletewa wali wa njano iliyokolea, laini kama bokoboko, umepashwa tu moto, na kamba watatu wamelazwa juu kama pambo. Euro 19 kila mmoja. Nililala na uchungu moyoni, maana nimekulia Tanga kwenye nyumba ya pilau na najua wali uliopikwa kwa haraka.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia yeyote anayekwenda: fuata saa zao za kula. Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi, halafu jiko linalala mpaka saa mbili na nusu au saa tatu usiku. Na wali ni chakula cha mchana. Mwenyeji wa Valencia hali paella usiku, anasema inalala nzito tumboni. Anayekuuzia paella saa moja jioni anakuuzia kwa sababu wewe ni mgeni.

Ukishaingia kwenye saa hizo, mji unakufungukia. Katikati ya asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, watu wanaacha kazi na kukaa kula kile wanachokiita esmorzaret. Si chai ya haraka. Ni mkate mrefu uliojazwa mayai, ngisi au nyama, sahani ya zeituni na karanga katikati ya meza, kinywaji, na mwisho kikombe kidogo cha kahawa waliyoiwashia ramu pamoja na sukari, mdalasini na ganda la limau. Mafundi wenye nguo za rangi na wazee wa mtaa wanakaa meza moja na kuongea kwa sauti. Rafiki yangu ni Mwislamu, hivyo alichukua mkate wa mayai na viazi, na kahawa ya maziwa. Akumbuke tu mwenye kujali halali kuuliza kila mara, maana nyama ya nguruwe huingia hata kwenye dengu. Mtaa wa Russafa, ambao jina lake lenyewe limetokana na Kiarabu, una maduka na vyakula vya halali, na ndiko alikokula kwa amani zaidi.

Mchana wa siku za kazi, ulizia menú del día, yaani mlo kamili wa siku kwa bei moja. Kwa euro 14 nilipata dengu, samaki wa kuoka, mkate, kinywaji na tunda.

Soko Kuu, lililofunguliwa mwaka 1928, nenda asubuhi, kwani saa tisa mchana wanafunga na Jumapili halifanyi kazi kabisa. Nilinunua machungwa na zafarani kidogo, nikasimama muda mrefu chini ya kuba lile la vioo vya rangi.

Kinywaji cha mji ni horchata. Inatengenezwa kwa vijizizi vya mmea wa jamii ya ndago, gugu lile lile linalotusumbua shambani. Vinalowekwa, vinasagwa na maji, vinachujwa kama tunavyokamua tui, kisha sukari na baridi kali. Hakuna tone la maziwa ndani yake. Tulipanda treni ya mjini hadi Alboraya, kwenye mashamba yenyewe, tukachovya humo mikate mirefu laini iitwayo fartons. Nikafikiria tui jepesi lililotiwa lozi. Nilikunywa glasi mbili.

Ila kilichonifanya niandike haya ni El Palmar. Ni kijiji ndani ya hifadhi ya Albufera, kusini mwa mji, unafika kwa basi la kawaida. Pande zote za barabara ni majaruba ya mpunga, na mpunga huo ndio unaopikwa hapo hapo. Tuliagiza siku moja kabla, kwa sababu paella inayopikwa upya inahitaji muda na kwa kawaida haipikwi kwa mtu mmoja.

Mwenye mgahawa aliponiona nachungulia jikoni akanikaribisha. Paella ni jina la kikaango chenyewe: kipana, chuma chembamba, mikono miwili. Chini yake kuni za mchungwa. Kuku na sungura walikaangwa kwenye mafuta ya zeituni hadi wakawa wekundu, ikafuata maharage ya kijani, fiwi nene nyeupe, nyanya, pilipili tamu ya unga, maji, zafarani. Mchele ukaingia mwisho, ukatandazwa, na tangu hapo mwiko haukuugusa tena. Kwetu tunafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Yeye aliacha wazi, mvuke ukatoka wote, wali ukabaki tabaka jembamba kama unene wa kidole. Mwishoni akasogeza kuni, moto ukapanda. Akaniashiria nisikilize. Ukasikika mlio mkavu wa tiki-tiki chini ya wali.

Wanauita socarrat. Sisi tunauita ukoko.

Kikaango kililetwa kizima mezani na vijiko vya mbao. Kila mtu anakula upande ulio mbele yake, kuelekea katikati, bila kuvuka kwa mwenzake, kama tulivyofundishwa kwenye sinia. Rafiki yangu aliletewa kidogo chake cha mboga tupu, naye hakulalamika. Mimi nilikwangua. Ukoko wa rangi ya kahawia, una mafuta, una moshi wa mchungwa, unalia menoni. Bibi yangu alikuwa ananifichia ukoko chini ya kawa wajukuu wengine wasiuone, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mji mzima ambako wageni waheshimiwa ndio wanaohudumiwa huo.

Tulilipa euro 18 kila mmoja, mkate ukahesabiwa kando. Kahawa ikaja, familia za meza za jirani zikaendelea kuzungumza, watoto wakacheza nje, wala hakuna aliyetuletea bili mpaka tulipoiomba. Ukiona bili haiji, usidhani umesahauliwa. Kumletea mtu bili kabla hajaiomba ni kama kumfukuza.

Siku ya sita tulikuwa tumepanga kwenda makumbusho. Tulipanda basi la El Palmar.