Membreni ya RO ya nyumbani: ipi ununue kwa maji ya kisima, kwa mpangilio wangu

Kama unaishi Dar upande wa karibu na bahari na unatumia maji ya kisima shida yenyewe unaijua, chai ina ladha ya chumvi, birika limeshika ukoko mweupe, sabuni haitoi povu, na ndio maana wengi tumefunga mashine ya RO (reverse osmosis, ile inayochuja chumvi kwenye maji) chini ya sinki. Sasa ikifika mwaka wa pili au wa tatu hivi maji yanaanza kurudisha chumvi kidogo kidogo, fundi anakuja anakwambia membreni, ile ngozi ya ndani inayozuia chumvi, imekufa, unaenda Kariakoo unakuta maboksi kumi yanafanana, moja elfu thelathini na tano jingine elfu tisini, na muuzaji anakuuliza kitu kimoja tu, unataka galoni ngapi, yaani za maji safi kwa siku? Hilo swali ndio linalokula hela za watu. Mimi nimebadilisha membreni nne nyumbani Kunduchi na mbili kwa mama mkwe, na ninachoamini sasa ni kwamba membreni unainunua kwa namba za maji yako, galoni inakuja baadaye.

Kwahiyo kabla hujatoa hata mia, nunua kipimo cha TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji), kile cha mfukoni kama kalamu, ni bei rahisi kuliko membreni yoyote. Pima maji yanayoingia, halafu fungua bomba la RO liache litiririke dakika kadhaa ndio upime yanayotoka, maana glasi ya kwanza baada ya mashine kulala usiku huwa inasoma juu na inatisha watu bure. Chukua ya kuingia toa ya kutoka, gawa kwa ya kuingia, zidisha kwa mia. Kisima changu kinasoma 1,240. Membreni ikiwa mpya maji yalitoka 58, hiyo ni kama asilimia 95 ya chumvi imebaki nyuma, safi kabisa. Siku niliyoamua kubadilisha yalikuwa yanatoka 310, yaani asilimia 75 tu. Ukishuka chini ya 80 badilisha, kati ya 80 na 85 anza kuweka hela pembeni.

Na kama tatizo lako ni maji kutoka kidogo lakini kipimo bado kizuri, tafadhali usinunue membreni kwanza. Mara nyingi ni filta za mbele zimeziba, au pampu imechoka, au lile tanki dogo la chuma limeisha upepo (likiwa tupu linatakiwa kuwa na kama psi 5 mpaka 8, lipime na geji ya tairi, lijaze na pampu ya baiskeli). Mama mkwe alishaambiwa alete hela ya membreni kumbe ni upepo wa tanki tu.

Sasa presha, na hapa ndipo Wabongo tunapigwa zaidi maana maelezo ya kwenye boksi yameandikwa kwa nyumba ambazo presha ya bomba ni kubwa. Zile galoni 75 kwa siku zilizoandikwa zimepimwa kwa maji yenye chumvi 250 tu, joto nyuzi 25, presha psi 50 au 60 hivi. Simtank iliyoko juu ya mnara inakupa kama psi 1.4 kwa kila mita moja ya kimo, kwahiyo mnara wa mita sita ni psi 8 na kitu, hapo RO haifanyi kazi hata ungenunua membreni ya dhahabu. Halafu chumvi yenyewe inakula presha, kadiria psi moja kwa kila 100 za TDS, maana yake mimi na 1,240 yangu naanza na hasara ya psi 12. Bila pampu ya busta, ile ya kuongeza presha, usihangaike kabisa. Joto letu la Dar linasaidia maji kupita haraka, ila wa Arusha na Mbeya mwezi wa saba wajue kila nyuzi moja ikishuka maji yanapungua kama asilimia 3, membreni haijafa, ni baridi.

Haya, mpangilio wangu. Hizi ni zile za kawaida zenye namba 1812 au 2012 kwenye lebo, 1812 maana yake inchi 1.8 unene na inchi 12 urefu. Angalia namba ya ile yako ya zamani kabla hujatoka nyumbani, au ibebe kabisa kwenye mfuko.

Namba moja: galoni 75 ya FilmTec, au ya Toray/CSM ukiipata. FilmTec ni ya Marekani, ilikuwa chini ya Dow miaka mingi na tangu 2019 iko DuPont, kwahiyo ukikuta boksi bado linasema Dow uliza vizuri, ama ni mzigo uliokaa stoo miaka ama limechapishwa uchochoroni. CSM ni ya Korea na ilichukuliwa na Toray ya Japani. Hizi naziweka juu kwa sababu moja, zinashikilia chumvi muda mrefu. Membreni nyingi zikiwa mpya zinafanya vizuri, hata za ovyo, tofauti unaiona mwezi wa kumi na nne. Ya FilmTec niliyofunga ilikaa juu ya asilimia 90 kwa miaka miwili na nusu na maji haya haya ya kisima. Ni ghali, ndio, lakini gawa bei kwa miezi utaona haijakuzidi. Na 75 inatosha nyumba ya watu sita saba bila wasiwasi, ni lita 284 kwa siku kwenye karatasi, hata ukipata nusu yake kwa ajili ya chumvi bado ni lita 140, nani anakunywa na kupikia lita 140?

Namba mbili: Vontron ya galoni 75. Ya China, ndio imejaa madukani kwetu, na nasema bila kusita kwamba kwa maji ya bomba ya DAWASA ambayo TDS yake ni ya chini hii ndio ningeiweka namba moja, hakuna haja ya kulipia zaidi. Kwa kisima cha chumvi ipo nyuma ya FilmTec lakini sio mbali, kwangu ilidumu mwaka na nusu. Tahadhari ni moja tu, kwa sababu inauzika sana ndio inaigizwa sana. Ile ya kweli imefungwa kwenye mfuko wa plastiki ambao haujaguswa, lebo imechapwa vizuri na ina namba yake ya peke yake, plastiki ya nje imevingirishwa imenyooka haina mapovu, na oringi mbili ndogo (zile pete za mpira) ziko laini. Ukikuta mbili kwenye rafu moja zina namba inayofanana, ondoka dukani.

Namba tatu: galoni 50 ya kampuni yoyote kati ya hizo. Watu wanaidharau kwa sababu namba ni ndogo, lakini kwa watu wawili watatu, au mashine ambayo pampu yake ni ya zamani, ni chaguo zuri sana. Mashine nyingi zilikuja na 50 kutoka kiwandani, na ukirudisha 50 hubadilishi kitu kingine chochote. Tatizo ni kwamba siku hizi haipatikani kirahisi, maduka mengi yanaleta 75 na 100.

Namba nne: galoni 100. Hapa nisikilize ndugu yangu maana ndio kosa nililofanya mimi. Kila muuzaji anakusukumia 100 kama vile ni bora zaidi, na duka moja niliambiwa toa 50 weka 100 utapata maji mara mbili kwa mashine ile ile. Nikaweka. Miezi minane ikafa, ukiikata ndani imejaa chokaa kama ukuta. Sababu ni kile kidude kidogo kwenye mpira wa maji ya kumwaga (yale yenye chumvi ambayo mashine inayatupa), mafundi wanakiita restrikta, kimeandikwa namba kama 300, 450 au 800, hiyo ni mililita kwa dakika. Kazi yake ni kubana maji machafu ili membreni ipate presha, lakini pia kuyaacha yatoke ya kutosha kuondoa chumvi. Maji ya kumwaga yanatakiwa kuwa mara tatu mpaka nne ya maji safi. Galoni 100 ni kama mililita 263 kwa dakika, na mimi nilikuwa na restrikta ya 300, yaani maji ya kumwaga karibu sawa na maji safi, chumvi yote na chokaa yote ikabaki inaganda juu ya membreni. Kwahiyo ukitaka 100 lazima ununue na restrikta yake, na uwe na pampu ya kueleweka. Hata ukipanda kutoka 50 kwenda 75 hakikisha restrikta inaendana. Kipimo ni rahisi, funga bomba la tanki, kinga maji safi dakika moja kwenye kikombe cha vipimo, kinga na ya kumwaga dakika moja, linganisha. Kwa kisima chenye chumvi usione uchungu na maji ya kumwaga, deki nayo, mwaga chooni, ila usimwagilie mchicha.

Namba tano, zile za kuzungusha na kuchomoa, ambazo membreni imefungwa ndani ya ganda lake. Ni rahisi mno kubadilisha, hata mtoto anaweza, lakini umefungwa kwa kampuni moja na siku mzigo ukiisha mjini unakunywa chumvi unasubiri kontena. Kama mashine yako ni ya aina hiyo huna ujanja, nunua mbili, moja iweke stoo ndani ya mfuko wake bila kufungua, mbali na jua. Kama ndio unanunua mashine mpya, chukua ya kawaida.

Zisizo na jina, zile nyeupe zenye lebo ya RO MEMBRANE tu, siziweki hata kwenye mpangilio. Na zile za zamani ambazo fundi anakwambia ataziosha kwa asidi zirudi kama mpya, hapana. Chokaa inaweza kutoka lakini ngozi iliyoharibiwa na klorini haiponi.

Nikitaja klorini nimefika kwenye kinachoua membreni za watu wengi. Ngozi ya membreni haivumilii klorini kabisa, ndio maana kuna filta za kaboni mbele yake. Ukiwa na maji ya bomba kaboni ikichoka klorini inapita na membreni inaliwa polepole bila kuona. Sisi wa kisima tunadhani tumepona, halafu kijana anaosha simtank anamwagia dawa ya klorini chupa nzima, anafungulia, siku hiyo hiyo umeua membreni ya elfu tisini. Ukiweka dawa kwenye tanki funga koki ya RO, suuza tanki, ndio ufungue. Filta ya matope na za kaboni mimi nabadilisha kila miezi sita, na siku ya kuweka membreni mpya zote zinakuwa mpya, hapo sibani hela.

Kwa ndugu zetu wa Arusha, pembeni ya Meru kule, na Nakuru na Naivasha upande wa Kenya, kwenu hesabu ni nyingine kwa sababu shida ni floraidi, ile inayochora meno ya watoto kahawia, na ukizidi sana inashika mifupa. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakutoi floraidi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki. RO inaitoa vizuri, lakini kipimo cha TDS hakioneshi floraidi peke yake wala hakioneshi vijidudu, kwahiyo peleka chupa ya maji yaliyochujwa kwenye maabara ya maji ya mkoa baada ya kufunga, na rudia kila mwaka. Dada yangu yuko Usa River ana watoto wawili wadogo na nilimwambia asiangalie bei, achukue namba moja.

Kufunga ni kazi ya nusu saa. Funga maji, funga tanki, zima pampu, fungua kifuniko cha kasha la membreni, ivute ya zamani kwa plaizi maana inakuwa imenasa. Mpya inaingia upande wa oringi mbili ndogo ukitangulia, sukuma mpaka uhisi imekaa, ule mpira mkubwa mweusi unabaki upande wa kifuniko. Usipake vaselini wala mafuta ya kula kwenye mipira, vinavimba, lowesha na maji tu au grisi ya silikoni. Tanki mbili za kwanza mwaga zote. Wiki ikiisha pima, andika tarehe na namba zote mbili kwa maka pen juu ya kasha lenyewe, la kwangu sasa hivi limeandikwa 1,240 na 52.