Bastola ndogo ya kujilinda kwa mama au shangazi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Hii ni ya wenzetu mlioko Marekani, maana huko ndiko mama wa miaka 68 anaweza kuingia dukani mchana kweupe akatoka na bastola ndani ya begi, na swali ni lilelile kila siku: mama anaishi peke yake, anataka kitu cha kubeba kwa siri, nimchukulie ipi? Muuzaji mara nyingi anamtolea kile kidogo kuliko vyote kabatini, chepesi, kimepakwa zambarau, anamwambia hiki ndo cha kina mama. Hapo ndo mambo yanapoharibika.

Bastola ikizidi kuwa ndogo inazidi kuwa ngumu kutumia, hasa kwa mikono ya mtu mzima. Risasi ni ileile na nguvu inayorudi nyuma ni ileile, ila uzito wa kuimeza haupo tena, kwa hiyo inaishia yote kwenye kifundo cha mkono. Afu slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma) ikiwa fupi na nyepesi inahitaji springi kali zaidi kuizuia, sehemu ya kuishika ili uikoki, yaani uivute nyuma risasi iingie, ni finyu, na kitako kinashikwa na vidole viwili tu cha tatu kinaning'inia. Sasa mpe hiyo mtu mwenye baridi yabisi kwenye shina la kidole gumba uone. Atapiga risasi tano mazoezini, mkono utauma, ataiweka kwenye droo na hataigusa tena, na bastola ambayo mtu haifanyii mazoezi ni bora asingekuwa nayo.

Kwa hiyo kabla ya majina, nenda naye dukani. Usimnunulie kwa kumshtukiza. Muuzaji ahakikishe haina risasi mbele yenu wote, mama naye aangalie mwenyewe, ielekee sehemu salama, afu afanye mambo matatu: aikoki mara kadhaa mfululizo bila msaada wako, avute triga kwa kidole kimoja bila mtutu kucheza, na ajaze magazini (kile kikasha cha risasi) mpaka mwisho. Hilo la magazini watu wanalisahau kabisa wakati springi ya magazini inaumiza vidole kuliko hata kufyatua. Kwenye kukoki mwonyeshe mbinu ya kushika slaidi kwa juu na kiganja kizima, bastola ikiwa karibu na kifua, afu asukume mbele kwa mkono ulioshika kitako badala ya kuvuta slaidi nyuma kwa vidole, wengi walioambiwa hawana nguvu kumbe walifundishwa vibaya. Akishindwa hata hivyo, usilazimishe.

Sasa orodha yangu, kuanzia ninayoiamini zaidi.

Namba moja ni Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ, na sioni hata ya kuikaribia. Ilitoka 2018 na ilitengenezwa kwa ajili ya watu hawa hawa. Ndani ina hama (kinyundo cha kufyatulia) iliyofichwa, kwa hiyo springi ya slaidi imelegezwa na unaikoki bila kukunja uso, magazini ina vitufe pembeni vya kushusha springi kwa kidole wakati unajaza, inabeba 8 na moja chemba, na uzito ni kama gramu 525 hivi ambao unatosha kutuliza mrusho, ile nguvu inayorudi nyuma, wa risasi ya .380 (fupi kuliko ya 9mm) bila kuchosha bega. Triga ni nyepesi na fupi. Kasoro yake ni sefti ya nyuma ya kitako: kiganja kisipoibana vizuri haifyatui, na kuna wazee ambao mshiko wao ni dhaifu kiasi kwamba wakati mwingine haibanwi, hilo lijaribuni dukani hapohapo. Kuna yenye sefti ya kidole gumba na isiyo nayo, mimi kwa triga nyepesi namna ile ningechukua yenye nayo, mradi aizoee kuitoa kila anapofanya mazoezi. Ipo pia dada yake ya 9mm, ukiikuta used uwe makini, Novemba 2020 kampuni iliita zirudishwe zile za 9mm zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba mwaka huo kwa sababu hama ingeweza kupasuka, namba ya bastola inakwambia kama ni mojawapo.

Ya pili Ruger Security-380, ya 2023. Ni kubwa zaidi kidogo, gramu 560 hivi, inakuja na magazini ya risasi 10 na ya 15 kwenye majimbo yanayoruhusu, slaidi laini sana, na bei yake iko chini kuliko nyingi humu. Kwa mkoba inafaa, kwa kiunoni inaanza kuonekana chini ya blauzi. Kama mama hana mpango wa kuivaa mwilini basi hii na ile ya kwanza ziko sawa tu kwangu, achague inayokaa vizuri mkononi.

Ya tatu SIG Sauer P365-380, iliyotoka 2022. Hii ndo nyembamba ya kweli ya kuvaa, kama gramu 445, risasi 10 na moja. Inakokika vizuri kwa sababu mtutu na slaidi vinafungana wakati wa kufyatua, springi haibebi kazi yote peke yake. Hilo ni la kujua maana kuna .380 za muundo wa zamani, Walther PPK ikiwemo, ambazo slaidi inazuiwa na springi na uzito wake tu, na springi hizo ni kali balaa. Watu wanaona .380 wanadhani zote ni laini. Kilichoipandisha hapa ni kwamba inakubali kufungwa red dot juu ya slaidi, yaani kioo kidogo cha kulengea chenye kidoti chekundu ndani. Macho ya uzeeni hayaoni shabaha ya mbele vizuri, na mwenye miwani ya sehemu mbili utamwona anainua kidevu juu kutafuta kioo cha kusomea, wakati kile kidoti unakiona huku macho yako kwa aliyeko mbele. Mwenye astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho) kidoti kinaweza kuonekana kimesambaa, ajaribu kwanza kabla hamjatoa hela.

Nne ni rivolva, na hapa najua nitapingwa. Ushauri wa "mpe mama rivolva, ni rahisi" umezeeka kuliko mama mwenyewe. Ni kweli haina slaidi, haina magazini, na risasi ikigoma anavuta tena triga inakuja nyingine. Lakini Smith & Wesson 642 ya .38 Special, risasi 5, gramu kama 410, triga yake ni ndefu na nzito, kwenye paundi 12, na kidole chenye baridi yabisi kinashindwa hiyo kuliko kinavyoshindwa slaidi. Na mrusho wake ni mkali. Ukiamua rivolva, Ruger LCR triga yake ni laini zaidi, na ipo ya .22 LR yenye risasi 8 ambayo mrusho haupo kabisa, ingawa triga ya .22 ni nzito kidogo kuliko ya .38 kwa sababu risasi za aina hiyo zinataka kugongwa kwa nguvu. Watu watasema .22 ni kichezeo. Mimi nasema mama anayelenga vizuri na .22 yuko salama kuliko yule anayefumba macho na .38.

Kama kukoki haiwezekani kabisa na triga ya rivolva pia imegoma, kuna bastola ambazo mtutu unainuka mbele kama mdomo, unaweka risasi ya kwanza moja kwa moja chemba unafunga, hukoki kitu. Beretta Tomcat ya .32 ni ya namna hiyo, na Girsan MC 14T ya .380 ambayo ni kubwa zaidi. Zinatatua tatizo moja zuri sana, ila Tomcat ni ndogo ya kushika na Girsan si ya kuficha kirahisi, ndo maana zimekuja huku chini.

Mwisho kabisa ni vile vidogo vya mfukoni, Ruger LCP na wenzake wa gramu 270 mpaka 300. Havijatengenezwa vibaya, ni vya mtu aliyezoea kupiga na anataka kitu cha ziada mfukoni. Kwa mama anayeanza, hapana.

Kubeba. Kiunoni upande wa nyuma sahau, bega lililokaza halifiki huko, na nani amekwambia mama anavaa mkanda na gauni? Mkanda mpana wa tumboni au mkoba wa kukatiza kifua ndo vinavyowezekana, na mkoba uwe na chumba chake cha bastola peke yake, chenye holsta (ala ya bastola) inayofunika triga, sio humo humo na funguo, pipi na tishu. Hili silisemi kwa kutisha: Desemba 2014 kule Hayden, Idaho, mtoto wa miaka 2 aliingiza mkono kwenye mkoba wa mama yake wakiwa dukani, bastola ikafyatuka, mama akafa palepale. Bibi mwenye wajukuu wanaoparamia kila kitu akifika nyumbani mkoba hauwekwi kwenye kochi, bastola inatoka inaingia kwenye kasiki ndogo. Chukua ya vitufe vya namba, za alama za vidole mara nyingi zinagoma ngozi iliyokauka ya uzeeni.

Upande wa sheria kuna mambo yanawakamata hasa wageni. Kwanza mama aliyekuja kutembea kwa viza kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki, kuna mianya michache kama leseni ya uwindaji lakini usiende huko bila wakili, mwenye green card anaruhusiwa. Pili, fomu 4473, ile ya serikali unayojaza dukani ukinunua, inauliza kama wewe ndo mnunuzi halisi. Ukinunua kwa hela yako umpe zawadi kweli, na yeye hana kizuizi, ni sawa. Akikupa hela umnunulie ni kosa, hata kama yeye angeweza kununua mwenyewe. Kuna jamaa, kesi inaitwa Abramski dhidi ya Marekani, alimnunulia mjomba wake Glock kwa cheki ya dola 400 aliyotumiwa na huyo huyo mjomba, wote wawili hawakuwa na kizuizi chochote, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikasema kwa 5 dhidi ya 4 kwamba kosa lipo. Na mkiwa majimbo tofauti lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni kwenye jimbo lake. Rahisi kuliko yote ni aende mwenyewe, ajaze mwenyewe, alipe mwenyewe. Kubeba kwa siri ni jimbo kwa jimbo, zaidi ya nusu ya majimbo hayadai kibali tena, mengine yanadai, na kibali cha jimbo moja hakitambuliwi kila mahali, kwa hiyo safari ya kwenda kwa binti jimbo jingine iangaliwe kabla.

Bajeti isiishie kwenye bastola. Weka hela ya darasa la siku moja, risasi za mazoezi (.380 ni ghali kuliko 9mm, jiandae), holsta na kasiki. Na kuna mazungumzo mawili magumu mnatakiwa kuyafanya kabla ya kulipa. Moja, kama ameanza kusahau sahau, au amefiwa karibuni na yuko kwenye huzuni nzito, msinunue sasa, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni watu waliojiua. La pili, akubali leo akiwa na akili timamu nani ataichukua siku daktari akisema kumbukumbu inaondoka, na huyo mtu apewe namba za kasiki. Kama hataki kuongelea hilo, au unaona anakubali bastola ili kukuridhisha wewe mwanae tu, mnunulie dawa ya pilipili ya kupuliza na taa nzuri ya nje ya mlango, hela itakayobaki mbadilishie kitasa.