Gettysburg au Hersheypark, kwa anayeendesha peke yake

Gettysburg, uwanja wa mapigano ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na Hersheypark, bustani ya michezo ya burudani, zote mbili ziko jimbo la Pennsylvania, Marekani, na kwa gari unaweza kuzigusa ndani ya siku moja. Mimi ningeipa Gettysburg siku nzima. Kuingia kwenye uwanja wa vita ni bure, na njia ya magari ina urefu wa kama kilomita 39. Unasimama utakapo, hakuna wa kukuharakisha. Panda kilima cha Little Round Top, kisha tembea kwa miguu kwenye uwanda ambao askari wapatao 12,500 wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga waliuvuka bila kinga, mizinga ikiwaelekea, tarehe 3 Julai 1863. Katika siku tatu za mapigano hayo ya Gettysburg, watu wapatao 51,000 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au walitoweka. Mahali pa namna hiyo panataka utulivu, na msafiri wa peke yake anao.

Hersheypark, iliyoanzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha chokoleti, hunoga zaidi mkiwa kundi. Kiingilio hulipiwa, foleni za kiangazi ni ndefu, na huna wa kukushikia mkoba. Hata hivyo Comet, treni ya kuporomoka kwenye reli za mbao tangu 1946, inastahili kungojewa.